Mashine Zilezile, Visiwa Viwili

Mouridi alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, ndani ya vichochoro vya mji mkongwe, akaja Moroni, huku kwetu Ngazija, akiwa kijana na kasha la santuri begani, amelibeba kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kupiga santuri kwenye disko. Watu wa msikitini hawakuipenda kazi hiyo, na mimi ni mtu wa msikitini, lakini niseme nini? Nilimpenda. Wakati huo nilikuwa nazunguka na kofia za kushona kwa mkono, mara Ngazija, mara Nzuani, na jua likinizidi alasiri nilikuwa naingia disko la Mbaé, barabara ya kwenda Vouvouni, kwa sababu ndani mlikuwa na kivuli na sakafu ya baridi. Watu wakicheza sikuwahi kuwamo. Jumba lile nalijua likiwa tupu tu, viti vimepinduliwa juu ya meza, harufu ya sigara za jana bado ipo, na Mouridi peke yake mbele ya mashine za kuzungushia santuri akizifuta vumbi.

"Karibu, Bakoko," alikuwa akiniambia. Ndivyo tunavyomwita mzee kwetu, awe babu yako au asiwe. "Umeuza leo?"

"Nimetembea," nikamjibu.

"Basi tumefanana. Na mimi tangu asubuhi nazungusha, wala hakuna aliyecheza."

Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akitazama mikono yake.

Lazima niseme habari ya mashine, maana bila hizo huwezi kumjua Mouridi. Mbaé, mwenye disko, alikuwa mtu mnene mwenye roho nzuri, ameshafanya harusi kubwa, ile ambayo Mngazija akishaifanya anakaa mbele msikitini na neno lake linasikilizwa barazani. Na mtu aliyefanya harusi kubwa huizoea tabia moja: kila kitu anakinunua ili kipitishwe barabarani watu wakione. Mashine za kwanza alizinunua hivyo hivyo. Zilikuwa mpya, zinang'aa kama sinia, zina taa nyekundu na buluu ukingoni. Akazipitisha mtaani bila kuzifunika, zimebebwa na vijana, na wanawake wakapiga vigelegele. Mouridi alizitazama, akazigusa.

"Bwana Mbaé, hizi ni nzuri kutazama."

"Eh! Umeona?"

"Ni nzuri kutazama tu."

"Nyinyi Wanzuani," Mbaé akasema, "mtu akikupeni asali mnaitia ndimu."

Basi ukafika mwezi wa nane. Kwetu mwezi wa nane si mwezi, ni msimu. Ndugu zetu wanaoishi Ufaransa wanarudi kwa wingi kuoa na kuozesha, na vijana wao wanataka kucheza kila wiki. Disko likikosa mwezi wa nane limekosa mwaka. Mbaé alimwalika kijana mmoja kutoka Marseille, mpiga santuri mwenye jina, mama yake mtu wa Itsandra. Akaja alasiri kujaribu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na mfuko wangu wa kofia. Yule kijana akaweka santuri, akaishika kwa kidole ili isubiri mahali anapopataka, akaiachia. Sahani ya mashine ikaanza kuzunguka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa kwa swala ya alfajiri naye hataki. Akajaribu tena. Uvivu uleule.

Akamgeukia Mbaé. "Mjomba, mashine ziko wapi?"

"Si hizo hapo mbele yako!"

"Hizi ni taa, mjomba. Nauliza mashine."

Akafunga kasha lake kwa adabu, akashika mkono wa Mbaé kumuaga, akaenda kupiga kwenye jumba jingine huko Itsandra, na watu wakamfuata huko. Msimu mzima Mbaé alikaa mlangoni na upepeo mkononi, anasalimia wapita njia.

Baada ya hapo ndipo alipomwita Mouridi akamuuliza anataka nini. Mouridi alitaka mashine mbili za Kijapani, zile Technics, na zikapatikana kwenye disko moja lililofungwa huko Mahajanga, Madagaska. Zilikuja kuukuu, zimekwaruzwa, nzito kama mawe ya kusagia. Mbaé aliona haya, akazifunga kwenye mkeka zisionekane njiani.

"Hizi zina nini ambacho zangu hazina?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira, alitaka kujua.

Mouridi akamwonyesha, na mimi nikasogea. Zile za taa, alisema, mota iko pembeni na inavuta sahani kwa mkanda wa mpira. Ukiishika sahani mkanda unateleza, ukiiachia unahangaika mpaka urudi kwenye mwendo wake. Hizi mota iko chini ya sahani penyewe, ukiachia, imeondoka. Umeme ukiyumba, na Moroni umeme unayumba kila siku, yenyewe inarudi. Uzito wake unazuia sindano isiruke watu wanapokanyaga sakafu.

"Basi ni kwa sababu ni bora," Mbaé akasema.

"Bora zipo nyingine pia," Mouridi akajibu. "Lakini yule wa Marseille alijifunzia kwenye hizi. Aliyemfundisha alijifunzia kwenye hizi. Mwenye disko ananunua ile anayoulizwa na mgeni, na kijana wa hapa anajifunza ile aliyoikuta kwa mwenye disko, naye akienda ugenini anaiulizia hiyohiyo. Sasa nani atakuwa wa kwanza kuacha? Mtu anakwenda Réunion, anakwenda Mahajanga, amebeba santuri zake tu. Anafumba macho, anaweka mkono, kila kitu kipo pale alipokiacha nyumbani."

"Kama kibla," nikasema mimi.

"Wewe mzee utatutia motoni," Mbaé akacheka.

Mwezi wa nane uliofuata vijana wa Ufaransa walikuja, wakaweka mikono, wasiulize kitu. Mbaé akanenepa zaidi.

Mouridi alimwoa Chahida, binti wa mtaa wa karibu na bandari ya Moroni ya zamani, mshonaji, mwanamke mwenye macho ya kucheka. Akahamia kwake. Kwetu nyumba ni ya mwanamke: baba au wajomba wanamjengea binti, na mume anakuja na nguo zake. Mwanamume anazaliwa katika nyumba ya mama, anazeekea katika nyumba ya mke, na katikati hana hata ukuta wa kuegemea. Mouridi alikuja na nguo zake na kasha la santuri. Mjomba wa Chahida, Bacar, hakumtaka. Alitaka Mngazija, mtu wa kufanya harusi kubwa. Lakini Chahida alimtaka, wakakaa vizuri. Alikuwa akimshonea mashati, na Mouridi akiyavaa huku akisema yanambana ili tu aje apimwe tena.

Halafu Nzuani ikajitenga. Mnakumbuka, au mmesimuliwa: wakasema hawataki tena kuwa pamoja na sisi, simu zikakatika, meli zikawa za kubahatisha, askari wakapelekwa wakarudi wamenyong'onyea. Moroni Mnzuani akawa mtu wa kutazamwa. Mouridi aliendelea kupiga, na watu waliendelea kucheza, ila walikuwa hawamsalimii tena wakitoka.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha mkutano wa Madagaska wa kupatanisha visiwa ukaisha bila Nzuani kutia saini, na Moroni ikachafuka. Vijana wakafunga barabara kwa mawe. Wanzuani wakatolewa madukani, sokoni, hata kitandani. Walifika kwa Mbaé mchana kweupe.

"Mtoe Mnzuani wako!"

"Huyu ni mume wa Chahida," Mbaé akawaambia, amesimama mlangoni kwa unene wake wote. "Nyinyi nyote mmevaa mashati aliyoyashona mkewe."

Wakacheka kidogo, wakaenda. Lakini walikwenda nyumbani kwa Chahida. Hawakupiga mtu. Walisema tu kwamba nyumba yenye Mnzuani haitasalimika. Bacar akaja, akakaa barazani na fimbo yake, akasema mbele ya watu:

"Mwanangu Mouridi, nyumba hii si yako wala si yangu. Ni ya huyu na ya watoto atakaowazaa. Unataka iungue?"

"Sitaki, mjomba."

"Basi nenda mpaka kutulie." Kisha akaongeza, na hili hakuwa na haja ya kulisema: "Hutachelewa kufungasha. Umeingia na kasha, utatoka na kasha."

Chahida hakuweza kumfuata. Mwanamke akiiacha nyumba yake mitaa yote huuliza ana nini, na Mouridi angempeleka wapi? Alimsindikiza mpaka kona ya bandari. Watu walikuwa wamejaa na magodoro na sufuria, wanasubiri mashua za kuwapeleka kwenye meli iliyotia nanga mbali. Wakaagana kwa mkono, maana hadharani kwetu ndivyo watu wanavyoagana.

Mutsamudu mama yake alikwishafariki. Nyumba ilikuwa ya dada yake Djaouharia, iliyojaa mume, mabinti na wakwe. Djaouharia alimpokea kwa machozi na wali, na kila mlo alimwekea. Lakini Mouridi alijua mwenyewe: kaka akilala sana kwa dada, shemeji anaanza kukohoa. Na vichochoroni watoto walimwita Mngazija. Alicheka aliponisimulia hayo.

"Bakoko, kule nilikuwa Mnzuani, huku nimekuwa Mngazija. Sijui baharini katikati wananiitaje."

Akateremka mtaa wa Hombo, ambako Charif, fundi seremala, alikuwa na jumba dogo la disko. Aliingia alasiri. Mashine zilikuwa zilezile mbili, rangi ileile, mikwaruzo mingine. Aliniambia kwamba alipoziona alitaka kukaa chini.

Charif akauliza, "Unajua kupiga?"

Mouridi akaweka santuri, akaishika kwa kidole, akaiachia. Charif hakuuliza swali la pili. Akampa kazi, na chumba cha nyuma kilichokuwa cha mbao na misumari, akatandika godoro humo. Siku ileile akawa na kazi, na hakuna mtu aliyemuuliza ametoka wapi wala amemwacha nani. Hiyo ndiyo faida ya mashine zile. Mkono wako unajulikana kabla yako.

Mimi niliendelea kutembea. Njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa, lakini kupitia kisiwa cha Mwali ulikuwa unaweza kupenya ukiwa na subira na tumbo lisilotapika, na nani atamzuia mzee mwenye kofia? Nilipofika Hombo mara ya kwanza nilimkuta Mouridi amekaa kwenye jukwaa tupu, anakula muhogo kwenye karatasi. Maduka yalikuwa matupu, mafuta ya taa yamepotea, na Charif alikuwa akiwasha jenereta kwa kuomba omba petroli. Watu walicheza hivyo hivyo. Pengine walicheza zaidi.

"Nani anapiga kwa Mbaé siku hizi?" akaniuliza.

"Kijana wa Mwali. Nassur."

"Anapiga vizuri?"

"Mimi nitajuaje? Naingia mchana. Mbaé hanung'uniki."

"Walikaa muda gani bila mtu?"

Nilitamani kumdanganya. "Hawakukaa. Nassur alianza Jumamosi ileile."

Akatafuna muhogo wake. "Nilimfundisha Mbaé vizuri," akasema. "Ananunua mashine ambayo kila mtu anaijua, basi kila mtu anaweza kusimama hapo." Akatazama mikono yake. "Sikuwahi kulifikiria kwa upande ule."

Ndipo nikampa maneno ya Chahida, maana hayo ndiyo niliyokuwa nimebeba. Nilimkuta kwenye cherehani, akaniambia bila kusimamisha mguu: "Bakoko, mwambie aje. Aje alivyo. Vijana wametulia, lakini wajomba wanazungumza."

Uso wa Mouridi ulifunguka, kisha ukafunga. "Nitakwenda. Sonara akimaliza."

"Sonara gani?"

Alikuwa amemwagizia sonara wa mjini Mutsamudu mkufu na bangili, zile za nyuzi nyembamba za dhahabu zinazosukwa kama utando wa buibui. Kwa kazi ile masonara wa Mutsamudu wanasifika visiwa vyote. Ila dhahabu ilikuwa haiingii. Sonara alikuwa amesuka kidogo, akaacha, anasubiri meli.

"Amesema uje ulivyo," nikarudia.

"Nimesikia, Bakoko. Lakini wewe ni mtu wa kwetu. Niingie nyumba ya watu mikono mitupu, kama paka? Bacar amesema mbele ya mtaa mzima kwamba niliingia na kasha nikatoka na kasha. Nikirudi na kasha, nitaishi vipi ndani ya maneno yale?"

Kwetu mwanamume akirudi safari bila kitu hupita njia ya nyuma, na hata mimi, na umri huu, nimewahi kuzunguka mtaa mzima kwa aibu ya mfuko mtupu. Kwa hiyo nilimwelewa. Kuelewa kwangu hakukumsaidia.

Nikarudi Moroni. Chahida akaniuliza kwa macho. Nikasema anakuja, anasubiri jambo dogo liishe.

"Jambo gani?"

"Zawadi."

Akakata uzi kwa meno. "Nilimuagiza zawadi?"

"Hukumuagiza, mwanangu."

"Mwambie kwamba Bacar sasa anamtaja kadhi. Mume hayupo, matumizi hayaji. Mwambie hivyo hivyo."

Nilikwenda tena, kwa Mwali tena, nikamwambia hivyo hivyo. Vikwazo walivyowekewa Wanzuani ili warudi kwenye muungano vilikuwa vimekazwa, na Mouridi amekonda. Djaouharia alikuwa akimletea chakula disko, anakiweka mlangoni kwa sababu yeye kuingia humo haiwezekani, na Mouridi anakila peke yake amekaa kati ya spika. Aliposikia jina la kadhi alisimama, akazunguka ukumbi mzima, akarudi palepale.

"Dhahabu itamfunga Bacar mdomo," akasema. "Akiiona tu."

"Na Chahida?"

"Chahida ananijua."

Nikamwambia kuna watu wa Mwali wanaondoka na mashua kesho yake, nafasi ipo. Akanishika mkono kwa heshima. "Bado shanga za mwisho, Bakoko. Sonara amesema akipata dhahabu ni kazi ya wiki tu." Basi nikaondoka na mashua ile peke yangu, nafasi yake wakaweka gunia la karafuu.

Dhahabu ilipatikana wakubwa walipoanza kusikilizana na meli kurudi. Nilikuwa Mutsamudu sonara alipomkabidhi. Kwa kweli sijapata kuona kazi kama ile, ukiipuliza inatikisika. Mouridi akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akavaa shati la Chahida, ambalo sasa lilikuwa pana kwake, na tukapanda meli moja. Njiani hakulala. Aliniuliza tu kama kofia yake imekaa sawa.

Charif alikuwa ameshaweka mtu mwingine kabla hatujatoka bandarini.

Tulifika Moroni alasiri, tukaenda moja kwa moja kwa Chahida. Bacar alikuwa barazani. Aliinuka alipomwona Mouridi, na nilishangaa kuona kwamba hakufurahi. Alionekana mzee.

"Mwanangu," akasema, "kaa kwanza."

"Nimekuja kwangu, mjomba. Nitakaa ndani."

"Kaa hapa."

Sauti ya Chahida ikatoka nyuma ya pazia la mlango. "Kadhi ameshatutenganisha, Mouridi. Na eda imekwisha."

Mouridi alikaa pale alipokuwa, kwenye jiwe la baraza. Akamtazama Bacar.

"Usimtazame mjomba," sauti ikasema. "Mjomba alisema sana, lakini hakwenda kwa kadhi. Nilikwenda mimi."

"Wewe?"

"Nilikutumia mtu mara mbili. Nilisema uje ulivyo. Hukuja ulivyo. Nikajiuliza huyu mwanamume anasubiri nini kule, na kila nikijiuliza nikawa sina jibu la kuwapa watu, wala la kujipa mwenyewe."

Mouridi akafungua kitambaa, akakisukuma chini ya pazia. Kitambaa kilikaa ndani kidogo. Hatukuona kitu. Bacar akatazama barabara. Kisha kitambaa kikarudi, kimefungwa upya, fundo la mshonaji.

"Ni nzuri sana," Chahida akasema, na sauti yake haikuwa na ukali. "Kamuoe nayo mtu aliyeiagiza."

"Umeposwa?"

"Mwanamke mwenye nyumba akae bila kuposwa? Nimeposwa. Sijajibu."

Upande wa msikiti watu walikuwa wanachota maji ya udhu. Bacar akajikongoja, akaenda zake huko bila kutualika.

Baadaye mkono wa Chahida ukatoka pembeni ya pazia na sinia. Vikombe viwili vya chai, vile vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo kila nyumba inaviweka kabatini kwa ajili ya wageni. Nikachukua changu. Mouridi alivitazama vikombe vile muda mrefu kabla ya kuchukua chake.

"Unalala wapi?" akaulizwa kutoka ndani.

"Kwa Mbaé, labda. Nitamwomba Nassur."

"Sukari imetosha?"

"Imetosha."

Chahida hakuondoka pale nyuma ya pazia. Tuliona ncha za vidole vya miguu yake. Mouridi alikuwa anakunywa kidogo kidogo sana, kiasi cha kulowesha midomo tu, kwa sababu kwetu kikombe kikiisha mgeni huaga. Changu kilikuwa kimekwisha zamani. Nikawa nakiinua hivyo hivyo kitupu, nakipeleka mdomoni, nakishusha.